Jinsi Nguvu za Mfupa Zilivyopimwa

Seremala achaguaye boriti hatazami unene wake tu; hutazama pia kama ina ufa. Walakini wataalamu waliopima nguvu za mfupa walikawia karne kama tatu kabla ya kuuliza swali hilo la seremala. Habari zao twazieleza hapa.

Mwaka wa 1638 Galileo, mwanachuoni wa Italia, alipigisha chapa kitabu chake katika mji wa Leiden. Humo alionyesha kwamba mnyama akikuzwa mara 3, mfupa wake hauna budi kunenepa kupita kiasi hicho, la sivyo hautauhimili mwili. Mwaka wa 1880 Otto Messerer wa Munich alitoa vipimo vya mifupa ya wanadamu, aliyoipinda na kuigandamiza hata ikavunjika. Wote wawili waliuliza neno moja: mfupa mzima huweza kuchukua mzigo gani?

Ndipo mwaka wa 1921 Griffith, mhandisi Mwingereza, akaeleza habari za kioo. Kioo hupasuka upesi kwa sababu ya nyufa ndogo mno, maana nguvu ya mzigo hukusanyika penye ncha ya ufa. Mwaka wa 1957 Irwin wa Marekani akatoa hesabu ya kuipimia nguvu hiyo. Baadaye wataalamu wakaigeukia mifupa. Hukata kipande, hukichanja kwa msumeno mwembamba, hukitunza na unyevu wake, kwani mfupa mkavu huvunjika upesi kuliko ulio mwilini. Kisha hukipinda polepole, wakiandika mzigo na urefu wa ufa.

Katika kazi hiyo twajifunza nini? Ufa ufuatao urefu wa mfupa hupita kwa wepesi. Ule uukatao hupotoshwa njia, na nyuzi zilizo nyuma yake huushika kama mshono. Madini huupa mfupa ugumu, nyuzi huuzuia usikatike. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki siku kadhaa hupindika; ukichomwa sana motoni hubomoka.

Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha udhaifu wa mifupa kwa wanawake waliokoma hedhi, kwa kutazama wingi wa madini. Kipimo hicho chafaa, lakini wengi huvunjika mifupa ingawa hawajahesabiwa kuwa wagonjwa, kwa kuwa uzee huupunguzia mfupa uwezo wa kuuzuia ufa. Basi bibi yetu akianguka, tusiseme, "Mifupa yake ingali mizito." Na apelekwe hospitali.