Honda Fit: Onyo lililobaki Japan gari likafika Nakuru

MMILIKI wa gari aina ya Honda Fit mjini Nakuru anaweza kuliendesha kwa miaka mingi bila kufahamu kwamba kampuni iliyoliunda ilikwisha kutangaza kasoro ndani yake na kutaka lirejeshwe likarekebishwe bila malipo.

Tangazo la aina hiyo humfikia kwa barua mtu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari nchini Japan. Gari likishapigwa mnada, likapakiwa melini na kuteremshwa bandarini Mombasa, hupata nambari mpya ya usajili na mwenye mpya ambaye kampuni haimjui. Barua haimfuati.

Hali hiyo inahusu karibu kila gari lililotumika ambalo huingizwa nchini kutoka Japan. Hata hivyo, Honda Fit ni mfano mzuri kwa sababu limetolewa wito wa kurejeshwa mara nyingi, kwa kasoro za namna tofauti, na kwa sababu ni gari la watu wa kawaida. Huliona likitumiwa kama teksi mjini Nakuru, likiwapeleka walimu kazini Njoro na Bahati, na likibeba bidhaa za wafanyabiashara wadogo kuelekea Molo na Nyahururu.

Fit ya kwanza ilizinduliwa Japan mnamo Juni 2001. Barani Ulaya na Afrika Kusini gari hilo liliuzwa kwa jina la Jazz, na ndugu yake mwenye buti la nyuma aliitwa City. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 2007, la tatu mwaka wa 2013 na la nne mwaka wa 2020.

Kiwango cha ubora cha KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), hukataza kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba matoleo yote matatu ya mwanzo yamekwisha kupita Mombasa kwa wakati wake. Na kwa kuwa gari likishaingia halina umri wa kustaafu, Fit za mwaka wa 2004 bado zinaweza kukutana barabarani na za mwaka wa 2018.

Kasoro iliyo nzito kuliko zote ni ile ya mfuko wa hewa, ambao mafundi wengi huuita eabagi. Mfuko huo hujazwa gesi na mtungi mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya usukani au nyuma ya dashibodi. Gari linapogonga, kemikali iliyo ndani ya mtungi huwaka kwa sehemu ndogo ya sekunde na mfuko hufumka kumkinga dereva au abiria.

Kampuni ya Takata ya Japan, iliyowauzia watengenezaji wengi wa magari mitungi hiyo, ilitumia amonium naitreti. Mkulima wa mahindi wa Njoro au Rongai anaifahamu kemikali hiyo hata kama hajui jina lake, kwani imo katika mbolea ya CAN ambayo hutumiwa kukuzia mahindi. Anajua pia kwamba gunia likiachwa wazi ghalani, mbolea hunyonya unyevu ikagandamana.

Ndani ya mtungi jambo linalofanana na hilo hutokea polepole. Unyevu hupenya, joto la mchana na baridi ya usiku huifanya kemikali itanuke na kunywea, na vidonge vilivyokuwa imara huanza kumeguka. Siku ya ajali, vidonge vilivyomeguka huwaka kwa kasi kupita kiasi na mtungi hupasuka. Vipande vya chuma hurushwa kupitia mfuko hadi usoni na shingoni mwa mtu ambaye mfuko huo ulikusudiwa kumwokoa.

Honda ilitoa wito wa kwanza kuhusu mitungi hiyo mnamo Novemba 2008, kwa magari yapatayo 4,000 pekee nchini Marekani. Mei 2009 msichana aliyekuwa akiendesha Honda Accord ya mwaka wa 2001 alifariki katika jimbo la Oklahoma; gari lake halikuwa miongoni mwa hayo 4,000. Tangu wakati huo orodha ilipanuliwa mara kwa mara. Mei 2015 Honda iliongeza magari karibu milioni 4.9 kwa mkupuo, Fit ikiwemo.

Jumla ya mitungi iliyotakiwa kuondolewa nchini Marekani ilifikia takriban milioni 67. Waliofariki nchini humo wamezidi 25 na waliojeruhiwa ni mamia. Takata ilikiri makosa ya jinai mwaka wa 2017, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na Juni mwaka huo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Kisa kinachopasa kumgusa msomaji wa Afrika Mashariki zaidi kilitokea Malaysia. Mnamo Julai 2014 mwanamke mjamzito aliyekuwa akiendesha Honda City ya mwaka wa 2003 alifariki katika jimbo la Sarawak baada ya mtungi kupasuka. Kilikuwa kifo cha kwanza kujulikana nje ya Marekani, na kilitokea katika nchi ya joto na unyevu mwingi.

Uchunguzi uliofanywa Marekani ulitaja mambo matatu yanayoharibu mitungi hiyo: umri, mabadiliko ya joto na unyevu. Nakuru, ambayo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, haina joto la pwani, na katika hilo wakazi wake wana nafuu kiasi kuliko wenzao wa Mombasa au Kisumu. Lakini nafuu hiyo isitiwe chumvi. Gari lililoegeshwa juani hupata joto kali ndani ya dashibodi hata Nakuru, usiku wa Molo na Elburgon ni wa baridi, na gari la mitumba hununuliwa na kuuzwa tena. Anayelinunua leo Nakuru hajui lilikaa wapi jana. Umri nao hauna mjadala, kwani kila mwaka unaopita huongeza hatari.

Wala hapa si mahali ambapo mfuko wa hewa ni pambo. Barabara kuu ya kutoka Nairobi hupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha huteremka na kupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, ikijaa malori usiku na mchana. Eneo la Migaa, katika sehemu hiyo ya barabara, ndiko watu 36 walikofariki basi lilipogongana na lori mnamo Desemba 31, 2017.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni taa ya SRS kwenye dashibodi. Taa hiyo inapaswa kuwaka gari linapowashwa, kisha izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda iliharibiwa kwa makusudi ili kuficha kwamba mfuko ulikwisha kufumka au kuondolewa. Inapowaka na kuzimika vizuri, maana yake ni kwamba mfumo wa umeme uko sawa. Haisemi lolote kuhusu kemikali iliyomeguka ndani ya mtungi. Gari lenye kasoro ya Takata halitoi dalili yoyote kabla ya siku ya ajali.

Biashara ya vipuri vya mitumba huongeza tatizo. Mfuko uliofumka ni ghali kuununua ukiwa mpya, na fundi wa jua kali hushawishika kuchukua mwingine kutoka kwa gari lililokatwa vipande. Mwezi Machi 2017 msichana wa miaka 18 alijeruhiwa vibaya shingoni mjini Las Vegas, Marekani, katika Accord ya mwaka wa 2002 ambayo yenyewe haikuwa na deni la marekebisho. Mfuko wake ulikuwa umetolewa kwenye gari jingine, la mwaka wa 2001, lililokuwa chini ya wito. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye kumbukumbu za kila gari, si vigumu kukisia kinachowezekana penye kumbukumbu chache.

Kasoro ya pili ilianzia barani Afrika. Mwaka wa 2009 mtoto mdogo alifariki mjini Cape Town, Afrika Kusini, moto ulipozuka ndani ya Honda Jazz. Januari 2010 Honda iliyaita magari 646,000 ya Fit, Jazz na City katika nchi kadhaa. Kampuni ilieleza kwamba maji yanayoingia kupitia dirisha la dereva huweza kufika kwenye swichi kuu ya vioo vya umeme iliyo mlangoni na kusababisha hitilafu inayozaa moto.

Nchi tofauti huuziwa magari yenye vipuri tofauti, kwa hiyo jina la Fit pekee halitoshi kuthibitisha kwamba gari fulani linahusika. Hata hivyo, mwenye Fit ya zamani ambaye swichi ya mlango wake imeanza kunuka kuungua, kupata joto au kufanya kazi kwa kusuasua baada ya mvua asiridhike na fundi anayeikausha kwa kitambaa na kuirudisha. Na mtoto asiachwe peke yake garini.

Kasoro ya tatu ni ya Fit za haibridi, yaani zinazotumia petroli pamoja na betri. Toleo la Septemba 2013 lilikuja na giaboksi mpya ya klachi mbili, na kufikia Oktoba 2014 lilikuwa limeitwa mara tano. Wito wa mara ya tano ulihusu magari zaidi ya 425,000, na wakuu wa Honda wakakubali kukatwa sehemu ya mishahara. Makosa mengi yalikuwa katika programu za kompyuta zinazoendesha giaboksi na injini: gari kushindwa kuingiza gia, kusimama ghafla au kuongeza kasi bila kutarajiwa.

Nchini Japan kosa la programu hurekebishwa kwa muda mfupi. Fundi wa Nakuru asiye na kompyuta inayofaa anaweza kuvunja giaboksi nzima, akabadilisha klachi, na mwenye gari akalipa maelfu ya shilingi kwa ugonjwa usiokuwapo.

Njia ya kujua ukweli ni nambari ya chesisi, ambayo huandikwa kwenye hati ya umiliki, yaani logibuku, na kwenye cheti cha kuliondoa gari Japan. Hapa ndipo wengi hukwama. Magari ya soko la Marekani na Ulaya yana nambari ya herufi na tarakimu 17. Fit iliyouzwa Japan huwa na nambari fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu saba. GD ni toleo la kwanza, GE la pili, GK la tatu, na GP ni haibridi.

Mtu akiiingiza nambari hiyo fupi katika tovuti ya serikali ya Marekani hatapata jibu, na kosa kubwa ni kudhani kwamba kukosa jibu ni kukosa kasoro. Mahali panapofaa ni tovuti ya Honda ya Japan yenyewe, ambayo hupokea nambari hiyo na kuonyesha marekebisho yaliyofanywa na yale yaliyosalia. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japan pia huchapisha matangazo yenye orodha za nambari zinazohusika. Maandishi ni ya Kijapani, lakini programu za kutafsiri zilizo kwenye simu hutosha kwa kazi hiyo.

Neno moja la tahadhari kuhusu gari linaloonyeshwa kuwa limerekebishwa. Baadhi ya mitungi ya Takata ilibadilishwa kwa mingine ya kampuni hiyo hiyo, yenye kemikali ile ile, kama hatua ya muda, na baadaye ikahitajika kuondolewa tena. Tarehe ya marekebisho ina uzito.

Wakati bora wa kuangalia ni kabla ya kulipa. Tangu Mei 2018 serikali ya Japan ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mitungi hatari ambayo haijabadilishwa. Gari lisiloweza kupata cheti hicho halina thamani kubwa kwa Mjapani, na muuzaji anayetafuta soko la nje hana sababu ya kulitangaza hilo. Anayeagiza gari ana haki ya kumtaka muuzaji amalize marekebisho, ambayo huko ni ya bure, kabla ya meli kung'oa nanga. Gari likishafika Nakuru, gharama na usumbufu huwa wa mwenye gari, na kazi ya kuufungua mtungi si ya gereji ya kawaida.

Ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ambayo ina kituo Nakuru, huangalia mambo kama breki, taa, magurudumu na usukani. Gari linaweza kuupita likiwa na mtungi wa Takata.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kufaidika nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia anapoumia kutokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inafafanua zaidi. Mwenye yadi anayeuza Fit kando ya barabara kuu anaweza kudai kwamba hakujua, lakini nambari ya chesisi anayo, na kuiangalia ni kazi ya dakika chache. Mnunuzi anayetaka jibu hilo liandikwe kwenye mkataba wa mauzo kabla ya kutoa pesa hakosi adabu.