Siku Jua Lilipozimika Pakwach

Hapa Lobule watu wengi mno wamezaliwa tarehe 1 Januari. Si muujiza. Mtu amekimbia bila karatasi, anaulizwa tarehe ya kuzaliwa, anasema "wakati wa kupalilia mihogo", na mwandishi wa rejista anajaza 1 Januari, kisha anakadiria mwaka kwa kuangalia uso. Basi ndiyo hiyo, umezaliwa.

Lakini mbingu nazo zina rejista yao, na haichomwi moto.

Jumapili tarehe 3 Novemba 2013 mwezi ulipita katikati ya jua na dunia. Kivuli chake kilitoka baharini Atlantiki, kikaingia Gabon, kikakatiza Kongo yetu, kikavuka Nile upande wa Pakwach, kikaenda mpaka Turkana na Somalia. Wakati huo nilikuwa nakaa Koboko mjini. Koboko na Arua jua lilifunikwa karibu lote, lakini giza kamili lilikuwa kwenye ukanda mwembamba kusini. Kwa hiyo mimi na mjomba tulishuka Jumamosi kupitia Arua na Nebbi, tukalala nje chini ya mwembe, mkeka mmoja na jerikeni ya maji. Wageni walikuwa wengi, wengine wametoka Ulaya na kamera ndefu kama bunduki.

Saa 11 na dakika 20 na kitu jioni, giza. Halikufika hata nusu dakika. Watu walipiga kelele, wengine wakapiga magoti. Mjomba alisema neno moja tu: "Hii hatutasahau."

Ndiyo maana yangu. Jambo ambalo halisahauliki linafaa kuwa kalenda. Wazee wa Ankole na Bunyoro wanasimulia kwamba jeshi la Wanyoro lilikuwa linarudi na ng'ombe wa kuteka, jua likazimika Biharwe, wakaogopa, wakaacha ng'ombe. Hakuna aliyeandika. Ila kupatwa kwa jua kunahesabika kwenda nyuma, na wanahistoria wengi wanakuweka kule kwa Biharwe tarehe 17 Aprili 1520. Kutokana na siku hiyo moja, wafalme wa pande zile wakapata miaka yao. Leo pale karibu na Mbarara pamejengwa mnara.

Sasa tuangalie sisi. Tangu 3 Novemba mpaka 15 Desemba 2013, vita vilipoanza Juba, ni majuma sita kamili, Jumapili mpaka Jumapili. Kwa ndugu zetu wa Sudan Kusini jua lile liko mlangoni kabisa pa vita. Mama mmoja jirani, mtu wa upande wa Yei, aliniambia mwanawe alikuwa mgongoni siku ile, hajaota jino. Kumbe mtoto ni wa 2013. Kadi yake inasema 2009! Miaka 4 si kitu kidogo: inaweza kumtoa mtoto kwenye utoto mbele ya sheria, na mama akaambiwa huyu ni mtu mzima, ajitegemee.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnatumia kalenda ya matukio mnapokadiria umri wa watoto. Liwekeni jua hili ndani yake. Ila msiulize, "Alizaliwa kabla ya jua kupatwa, sivyo?" Mtu mwenye njaa atasema ndiyo. Ulizeni hivi: "Siku mchana ulipofifia, mtoto huyu alikuwa anafanya nini?" Mama atajibu: alikuwa tumboni, alikuwa anatambaa, alikuwa anachunga mbuzi. Hapo mna umri.

Na sisi wakaaji tusingoje kuulizwa. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Giza kamili litakuwa Misri na Uarabuni, hapa kwetu tutaona kipande tu. Usitazame kwa macho matupu. Chukua daftari, andika: nani amezaliwa mwezi huo, nani anatambaa, nani ameanza shule. Karatasi ikipotea, wengi watakuwa wanaikumbuka siku hiyo.