Baraza la Mji Wakati wa Vita

Leo twendeni Richmond, mji wa pwani katika jimbo la California, Marekani.

Mwaka 1940 mji huo ulikuwa na watu wapatao 24,000. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, viwanda vya kuunda meli viliita wafanyakazi, na kabla ya vita kwisha wakazi walizidi 90,000.

Mwezi wa Novemba 1942 meli moja, Robert E. Peary, iliundwa na kushushwa majini kwa muda usiotimia siku tano. Lakini shule haijengwi kwa siku tano, wala mifereji ya maji machafu. Basi madiwani walijadili mambo yale yale ya kila siku: taka, polisi, nyumba, shule. Watoto walisoma kwa zamu. Kodi za mji hazikutosha. Serikali Kuu ikasaidia kwa fedha. Hata hivyo nyumba mpya zilitolewa kwa ubaguzi: weupe mbali, weusi mbali.

Fundi asiye na pa kulala ataundaje meli?

Haya, jadilianeni darasani: mji wenu ukiongezeka hivyo, Baraza lianze na lipi, na nani asisahauliwe?