Ufahamu, Ufupisho na Insha: Historia ya Karatasi ya Kiingereza katika Sekondari za Afrika Mashariki

Katika somo la Kiingereza, wanafunzi wa sekondari wa Kenya, Tanzania na Uganda wamekutana kwa vizazi kadhaa na mazoezi yaleyale matatu: ufahamu, yaani kusoma kifungu na kujibu maswali yanayokihusu, ufupisho, yaani kukipunguza kifungu hadi kibaki kiini chake, na insha, yaani utungo wa mwanafunzi mwenyewe juu ya mada aliyopewa. Mazoezi haya, yakijumlishwa na vitabu teule vya fasihi, yamezoeleka kiasi kwamba walimu wengi huyachukulia kuwa ndiyo stadi zenyewe za kusoma na kuandika, ilhali kila moja lilibuniwa mahali pake kwa haja yake, na yote yaliingia madarasani yakiwa yameambatana na mtihani. Ukweli huo ndio unaoeleza kwa nini shule zimeweza kuwafundisha vijana kujibu maswali juu ya kurasa chache, huku kazi ya kuwafanya wasome vitabu kwa wingi, ambayo ndiyo inayozilea stadi nyingine zote, ikiachwa nyuma kizazi baada ya kizazi.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, kwa lengo la kuzipa shule za Uingereza, ambazo kila moja ilikuwa ikifundisha kwa namna yake, kipimo kimoja cha kulinganishia kazi zao. Mitihani hiyo ilivuka bahari pamoja na dola, na kufikia katikati ya karne ya 20 ndiyo iliyohitimisha masomo ya sekondari katika shule kama Alliance huko Kikuyu, Tabora katika Tanganyika na King's College Budo nchini Uganda. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yalirudishwa hukohuko kusahihishwa na watu wasiomjua mtahiniwa wala shule yake. Utaratibu huu ulikuwa na uadilifu wake, kwa kuwa msahihishaji hakuweza kumpendelea mtu, lakini pia ulimfanya mwalimu aliyeko Tabora au Kikuyu kuwa mfasiri wa matakwa ya mtu aliye mbali, ambaye alimfahamu kwa njia ya karatasi za miaka iliyopita tu. Ndipo ilipoanza desturi, ambayo haijakoma hata leo, ya kufundisha kwa kupitia karatasi za zamani.

Uzito wa somo la Kiingereza ulizidi ule wa masomo mengine. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichotoka mwaka 1986, anaeleza kuwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kwa Waafrika wa Kenya hakuna aliyeweza kufaulu iwapo alianguka Kiingereza, hata akifanya vizuri kiasi gani katika masomo mengine, na anamkumbuka mvulana wa darasa lake la mwaka 1954 aliyepata alama za juu kila mahali isipokuwa katika somo hilo moja, akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima. Pale ambapo karatasi moja ina uwezo wa kuamua riziki ya mtoto na ya nyumba yake, ni vigumu kumlaumu mwalimu anayefundisha yale tu yatakayoulizwa.

Kati ya mazoezi hayo matatu, ufupisho ndio wenye asili iliyo wazi zaidi. Baada ya ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, iliyopendekeza kwamba watumishi wa serikali ya Uingereza wapatikane kwa mitihani ya ushindani badala ya kujuana, tume ya utumishi iliundwa mwaka 1855, na miongoni mwa mambo iliyoyatahini ilikuwa uwezo wa karani kusoma rundo la barua na kumwandikia mkubwa wake maelezo mafupi yenye kila jambo la maana na yasiyo na neno la ziada. Huo ulikuwa ustadi wa ofisini, wenye manufaa yaliyoonekana siku hiyohiyo. Ulipoingia shuleni ulibaki na sura yake: mwanafunzi alipewa kifungu na kutakiwa kukirudisha kwenye takriban theluthi moja ya urefu wake, kwa maneno yake mwenyewe, bila kuongeza maoni na bila kunukuu mifano ya mwandishi.

Inafaa kulitazama zoezi hilo kwa karibu, kwa sababu thamani yake haionekani kwa mtu anayeona jibu lililokwisha kamilika tu. Mwanafunzi husoma kifungu mara ya kwanza ili ajue kinazungumzia nini, husoma tena akipigia mstari hoja, huziorodhesha katika nakala chafu, huamua ipi ni hoja na ipi ni mfano wa hoja, huunganisha mbili zinazosema jambo moja, kisha huhesabu maneno, hukata, na mwishowe huandika nakala safi kwa aya moja inayosomeka kana kwamba haikuwahi kuwa sehemu ya maandishi marefu zaidi. Humo mna kusoma na kuandika kwa pamoja, wala hakuna njia ya kulidanganya zoezi hilo kwa kukariri. Baadaye swali lilibadilishwa, na badala ya kufupisha kifungu kizima mtahiniwa akaambiwa aeleze jambo mahususi lililomo ndani yake kwa idadi maalumu ya maneno. Likawa rahisi zaidi kusahihishwa, kwa kuwa msahihishaji sasa angeweza kuhesabu hoja moja moja, lakini ile kazi ya kuamua lipi ndilo kubwa katika maandishi yote ikawa imeshafanywa na mtahini.

Ufahamu una umri kama huohuo, ingawa nadharia yake ilikuja baadaye. Mwaka 1917 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi wa makosa waliyofanya watoto waliposoma aya fupi na kujibu maswali juu yake, akaonyesha kwamba kusoma ni kufikiri: msomaji hupima kila neno, hulipa uzito unaolistahili na kuliweka katika uhusiano na mengine, na anayekosea mara nyingi hakosei kwa kutojua maneno bali kwa kulipa neno moja uzito kupita kiasi. Hoja hiyo ilikuwa na uwezo wa kuubadilisha ufundishaji wa kusoma, kwa kuwa ilimtaka mwalimu aulize mwanafunzi amefikaje kwenye jibu lake. Mtihani, kwa upande wake, ulihitaji jibu tu.

Insha nayo ilipata kanuni zake kutoka kwa Alexander Bain, profesa wa Aberdeen huko Scotland, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1866 aliweka masharti ya aya: kwamba iwe na wazo moja, kwamba sentensi yake ya mwanzo ioneshe wazo hilo, na kwamba kila sentensi inayofuata iwe na sababu ya kuwapo mahali ilipo. Masharti haya yakaenea hadi yakawa utangulizi, kiini na hitimisho ambavyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huvijua hata kabla ya kuwa na jambo la kusema. Katika madarasa yenye vitabu vichache, insha za mfano zilikaririwa, na mtahiniwa hodari wa kukariri aliweza kuhamisha aya nzima kutoka mada moja hadi nyingine.

Fasihi ilikuwa sehemu ya nne, na ndiyo iliyozua mjadala mkubwa kuliko zote. Katika shule ya Alliance, wakati wa uongozi wa Edward Carey Francis, tamthilia ya Shakespeare iliigizwa kila mwaka, na wanafunzi waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu walitakiwa kuzitungia insha tamthilia zilizowatatiza hata wenyeji wa lugha hiyo. Haitakuwa haki kuyapuuza maigizo hayo, kwa sababu kijana anayejifunza sehemu yake katika tamthilia husoma kitabu kizima, tena mara nyingi na kwa sauti, jambo ambalo karatasi ya ufahamu haikuwahi kumtaka afanye. Kasoro ilikuwa kwamba vitabu vyote vilivyostahili heshima hiyo vilitoka kwingine. Mwaka 1962, mwaka ambao waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, kampuni ya Heinemann ilianzisha mfululizo wake wa vitabu vya waandishi wa Afrika, ukianza na Things Fall Apart ya Chinua Achebe, kwa bei na umbo vilivyofaa shule. Miaka miwili baadaye ikatoka Weep Not, Child ya Ngũgĩ, na mwaka 1966, nje ya mfululizo huo, Song of Lawino ya Okot p'Bitek.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo fasihi ya Afrika, hasa ile ya masimulizi, ingekuwa kitovu chake. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili namna ya kuupeleka mwelekeo huo katika sekondari, na matunda yake yapo katika orodha za vitabu teule hadi leo. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na wanafunzi wengi walijiona kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu cha shule. Hata hivyo vitabu ndivyo vilivyobadilika kuliko namna ya kuvisoma: Okot p'Bitek alianza kuulizwa katika maswali ya umbo lilelile alilokuwa akiulizwa Shakespeare, na haukupita muda mrefu maduka ya vitabu yakajaa miongozo iliyomwezesha mtahiniwa kuandika juu ya wahusika ambao hajawahi kukutana nao katika kitabu chenyewe.

Tanzania ilipitia njia yake. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya sekondari; nchi ikajiondoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima uwezo wa wanafunzi wa kusoma Kiingereza kwa zoezi la kujaza mapengo, ambamo maneno huondolewa katika kifungu kwa mpangilio maalumu na msomaji huyarudisha kwa kutegemea maana. Zoezi hilo lilibuniwa mwaka 1953 na Wilson Taylor, mtaalamu wa uandishi wa habari wa Marekani, kwa ajili ya kupima ugumu wa maandishi. Matokeo yalikuwa mazito: ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa katika kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kutarajiwa kuanza. Walikuwa wamekwisha kusomeshwa kwa lugha hiyo miaka minne.

Hatua iliyofuata inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Mradi wa kusaidia Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987 ulipeleka katika sekondari vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa ngazi, yaani kwa msamiati unaoongezeka hatua kwa hatua, ili mwanafunzi asome kingi kilicho rahisi badala ya kupambana na kidogo kilicho kigumu. Msingi wake haukuwa wa kubahatisha, kwani Warwick Elley na Francis Mangubhai walikuwa wamechapisha mwaka 1983 matokeo ya utafiti wao katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji, ambako madarasa yaliyopewa vitabu 250 vya hadithi na muda wa kuvisoma kila siku yaliyapita kwa mbali mengine katika kusoma, na baada ya mwaka wa pili faida hiyo ilikuwa imeenea hadi katika kuandika, ingawa uandishi haukuongezewa mazoezi. Mradi wa Tanzania ulifikia kikomo, vitabu vikachakaa, na ratiba ikarudi kwenye vifungu na maswali.

Kenya, kwa upande wake, iliunganisha lugha na fasihi kuwa somo moja chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika muundo wa mtihani wa kidato cha nne ulioanza kutumika mwaka 2006, alama 200 ziligawanywa katika karatasi tatu: ya kwanza ilikuwa na uandishi wa kiutendaji kama barua na ripoti, zoezi la kujaza mapengo na stadi za mazungumzo, ya pili ufahamu, uchambuzi wa fasihi na sarufi, ya tatu insha ya ubunifu na insha mbili juu ya vitabu teule. Zoezi la Taylor, lililobuniwa kupima maandishi, hapo limekuwa swali la kumpima mtoto, lenye alama 10. Alama 65 hutokana na vitabu teule, nazo zinaweza kutafutwa kwa msaada wa mwongozo. Vitabu vingine vyote ambavyo mwanafunzi amevisoma kwa hiari yake katika miaka minne havina alama ya moja kwa moja katika karatasi yoyote, na kwa sababu hiyo kipindi cha maktaba ndicho cha kwanza kuondolewa pale kidato cha nne kinapoanza kujiandaa kwa mtihani.