Chunusi: Kutoka kwa Kungwi hadi kwa Tabibu wa Ngozi

Katika nchi ya Wamwera, huko Nkowe na katika vijiji vilivyo baina ya Ruangwa na Nachingwea, kijana alipoanza kutokwa na chunusi wazee wake hawakufadhaika, kwani waliitambua kuwa ni dalili ya kubalehe, na mwali aliyekuwa unyagoni alikuwa na kungwi wa kumfunza namna ya kuutunza mwili wake. Ng'ambo ya mto Ruvuma nako wanawake wa Kimakua huitunza ngozi kwa kujipaka usoni ute mweupe wa mti uliosuguliwa juu ya jiwe kwa maji, kama vile wenzao wa Unguja wajipakavyo liwa.

Wazee wa Kimwera hawakukosea kuzihusisha chunusi na balehe, maana elimu ya tiba imethibitisha kwamba homoni za balehe huzidisha mafuta ya ngozi, vinyweleo vikaziba, na vijidudu vikastawi humo. Mwaka 1969 Albert Kligman na wenzake huko Philadelphia walieleza manufaa ya tretinoini ya kupaka. Na mwaka 1982 Marekani ikaruhusu vidonge vya isotretinoini, dawa yenye nguvu kubwa, ambayo ni haramu kwa mja mzito kwa kuwa humlemaza mtoto tumboni.

Huku kwetu Tanzania, kwa masikitiko, kilichoenea madukani upesi kuliko tiba hizo ni sabuni za zebaki na mkorogo wenye haidrokwinoni na steroidi. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku chache, kisha huikondesha ngozi na kuzaa chunusi nyingine zilizo kaidi kuliko za kwanza. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka udhibiti, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, lakini mkorogo ungali ukiuzwa.

Jambo lililo bora kuliko yote, kwa rai yangu, ni Chuo cha Ngozi kilichoanzishwa Moshi, penye hospitali ya KCMC, mwaka 1992, ili kuwafunza waganga wasaidizi maradhi ya ngozi, wakahudumu wilayani ambako daktari bingwa ni nadra.

Basi enyi wazazi wa Nkowe, msimcheke kijana wenu wala msimwachie mwenye duka amtibu. Aoshe uso kwa upole mara mbili kwa siku, asizitumbue chunusi, na akianza dawa asiikatize, kwani aghalabu matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Na zikiwa kubwa, zenye maumivu au kuacha makovu, mpelekeni kituo cha afya mapema, mkaombe rufaa kwa tabibu wa ngozi.