Nyumba mabegani: safari ya bayanihan ya Wafilipino

Aprili 2026 inatimia miaka mitano tangu binti mmoja wa Jiji la Quezon, Ana Patricia Non, aweke mkokoteni wa mianzi kando ya barabara ya Maginhawa. Alipanga juu yake mboga, mchele, vyakula vya makopo na barakoa, akatundika kipande cha boksi chenye maandishi: toa kadiri ya uwezo wako, chukua kadiri ya mahitaji yako. Ilikuwa tarehe 14 Aprili 2021. Manila na miji inayoizunguka ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye wiki mbili za kufungiwa ndani kwa sababu ya korona, na vibarua wengi walikuwa hawana pa kushika. Baada ya siku chache mikokoteni na meza za namna hiyo zilihesabika kwa mamia, kutoka Luzon hadi Mindanao. Watu wakasema bayanihan, ile desturi ya kijijini ya kusaidiana kazi, imerudi.

Swali linalonisumbua ni kama iliwahi kuondoka, na kama ile wanayoililia Wafilipino ndiyo iliyokuwapo kweli.

Picha inayojulikana na kila Mfilipino ni ya nyumba inayotembea. Carlos “Botong” Francisco, mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi hiyo, aliichora, na watoto wanaikuta kwenye vitabu vya shule. Wanaume ishirini au zaidi wameingia chini ya nyumba ya mianzi iliyoezekwa kwa makuti ya nipa, wameibeba mabegani kwa miti mirefu iliyofungwa chini ya sakafu, wanaipeleka upande wa pili wa kijiji. Mbele yupo mwenye gitaa. Wanawake wanapika, kwa kuwa mwenye nyumba hana cha kulipa isipokuwa chakula.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu za kifundi ambazo picha haizisemi. Nyumba hizo, bahay kubo, hazina msingi wa zege. Zimesimama juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yapite chini, sakafu ni mianzi iliyopasuliwa, kuta ni majani yaliyosukwa. Ukishatoa vyombo na masanduku, kilichobaki kinabebeka. Halafu kuna sababu nyingine, chungu zaidi: katika tambarare za mpunga, mkulima mpangaji alimiliki nyumba tu. Ardhi ilikuwa ya bwana shamba. Akitakiwa kuhama, alihama na paa lake. Katika furaha ya wale wabebaji kuna mtu asiye na kiwanja, na ni haki kumkumbuka.

Wahispania, waliotawala zaidi ya miaka 300, walikuwa na kazi yao ya pamoja. Waliiita polo. Mwanamume wa miaka 16 hadi 60 alidaiwa siku 40 kila mwaka za kukata magogo ya merikebu, kujenga makanisa na kupasua barabara, mpaka mwaka 1884 zilipopunguzwa kuwa 15. Mwenye fedha alilipa akabaki nyumbani, maskini akaenda. Tangu hapo mkulima alijua vizuri tofauti ya kuitwa na jirani na kuitwa na serikali, na tofauti hiyo ndiyo itakayolipuka pale Maginhawa.

Makala hii inaegemea sana kazi ya mtu mmoja. Mwaka 1961 mwanasosholojia Mary Hollnsteiner, aliyefanya utafiti vijijini karibu na Manila, alichapisha insha kuhusu namna Wafilipino wa tambarare wanavyolipana fadhila. Nadhani wanaoililia bayanihan hawajaisoma vya kutosha. Anaonyesha kwamba msaada wa kijijini ulikuwa na daraja. Wakulima wanapopokezana kulima mashamba, kila mmoja anajua amepewa nini na anadaiwa nini: leo kwako, kesho kwangu, kazi kwa kazi, deni likafutika. Kwenye msiba, wenye kufiwa wanapokea abuloy, yaani rambirambi, na wanakumbuka nani ametoa nini ili siku ya mwingine warudishe. Juu ya yote hayo kuna deni la ndani, utang na loob, la mtu aliyekuokoa ukiwa umeanguka, ambalo hulimalizi kulipa maisha yako yote. Asiyelikumbuka anaambiwa hana haya, na hakuna tusi zito kijijini kama hilo.

Hesabu hiyo haiipunguzii bayanihan heshima. Inaeleza kwa nini ilidumu. Watu walisaidiana kwa sababu walijuana kwa majina, walionana kila siku, na mkwepaji hakuwa na pa kujificha. Wailokano waliiita ammuyo, watu wa Iloilo dagyaw, na Waifugao wa milimani ubbu. Kwa Waifugao hao hakuna mtu ambaye peke yake angeweza kutunza matuta ya mpunga yaliyopanda mlima kama ngazi. Unesco iliyaweka matuta hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 1995, na mwaka 2001 ikayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakakaa humo hadi 2012. Kuta zilikuwa zikibomoka, huku vijana wenye mikono ya kuzijenga wakiwa mijini.

Baada ya uhuru wa 1946, taifa nalo lilianza kulitumia jina hilo. Mwaka 1957 Helena Benitez wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino aliunda kikundi cha ngoma akakipa jina la Bayanihan. Mwaka uliofuata kilicheza kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na mwaka 1998 sheria ikakifanya kikundi cha taifa. Rais Ferdinand Marcos naye aliona faida ya kuvaa mavazi ya kijiji: chini ya utawala wake wa kijeshi, vitongoji vyote vikabatizwa upya jina la kale la barangay. Lakini Februari 1986 watu wa Manila, bila kuitwa na serikali, walijaa barabara ya EDSA, wakawalisha wanajeshi na kusali mbele ya vifaru, na Marcos akakimbia nchi.

Miaka iliyofuata ni ya kuhama. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 109, zaidi ya nusu yao mijini, na Manila Kuu peke yake ilikuwa na milioni 13. Nyumba sasa ni za tofali na bati, na haibebeki nyumba ya zege. Mamilioni wengine wako ng’ambo, wakiwemo wauguzi na wafanyakazi wa nyumbani wa Dubai, Riyadh na Muscat, na fedha wanazorudisha zinapita dola bilioni 30 kwa mwaka. Humo nauona ule mtandao wa madeni aliouchora Hollnsteiner ukifanya kazi usiku na mchana. Dada aliyesomeshwa anawasomesha wadogo zake, na kwenye vyumba vya pamoja wanacheza upatu wao, paluwagan, ambao unategemea kuaminiana tu. Kimbunga Haiyan kilipoua zaidi ya watu 6,000 Novemba 2013, hasa upande wa Tacloban, michango ya ndugu hao ilimiminika.

Halafu ikaja korona, na serikali ikalichukua jina. Machi 2020 Rais Rodrigo Duterte alisaini sheria ya dharura iliyobeba neno Bayanihan, ikampa mamlaka ya ziada na kuahidi kaya maskini milioni 18 kati ya peso 5,000 na 8,000 kwa mwezi, kwa miezi miwili. Septemba ikaja Bayanihan ya pili. Kufikia Aprili 2021, watu walikuwa wamefungiwa tena.

Ndipo ukasimama mkokoteni wa Maginhawa. Non alikuwa na umri wa miaka 26, mtengenezaji wa samani ambaye janga lilikuwa limeibana biashara yake. Hakuomba kibali, na hakumwuliza mtu kitambulisho wala kumpiga picha akipokea. Wakulima wa Paniqui, mkoani Tarlac, ambao wenyewe si matajiri, walituma viazi vitamu. Hata Dili, mji mkuu wa Timor Mashariki uliokuwa umetoka kwenye mafuriko mwezi huohuo, watu waliiga.

Serikali iliyojiita ya bayanihan ilipokeaje? Kikosi kazi cha taifa cha kupambana na waasi wa kikomunisti kilianza kuwachunguza waandaaji. Maandishi ya kile kipande cha boksi yalifanana na maneno ya Karl Marx, na kwao huo ukawa ushahidi. Polisi wakafika kwenye meza kuuliza majina, namba za simu na vyama vya watu. Tarehe 20 Aprili, siku ya sita tangu aanze, Non alitangaza kusimamisha kazi kwa kuhofia usalama wake na wa wenzake. Msemaji wa kikosi hicho, Jenerali Antonio Parlade, alimlinganisha na shetani aliyempa Hawa tunda. Ufilipino ni nchi ya Wakatoliki wengi. Ukimwita mtu shetani kwa sababu amegawa mchele, umemtia alama mbele ya kila jirani. Na katika nchi hiyo, kuitwa mkomunisti kumewahi kutangulia risasi.

Meya wa Jiji la Quezon, Joy Belmonte, alisimama upande wake, na meza ikafunguliwa siku iliyofuata. Maseneta walitaka bajeti ya kikosi ikatwe, na mshauri wa usalama wa taifa, Hermogenes Esperon, akawaamuru wasemaji wa kikosi hicho wanyamaze kuhusu meza hizo. Baada ya mwaka 2021 meza nyingi zilipungua zenyewe kadiri watu walivyorudi kazini. Hiyo si aibu. Hata nyumba ikishafika, wabebaji huenda zao.

Kile mkokoteni ulichoonyesha kinaipita ile picha ya nyumba. Kijijini ulimsaidia unayemjua, naye alikuwa na deni lako. Maginhawa aliyetoa hakumjua aliyechukua, na hakuna aliyeandika jina. Wafilipino wa mjini, ambao kwa miaka mingi wamesikia kwamba wamepoteza utu wa wazee wao, walivuka mpaka ambao wazee hao hawakuhitaji kuuvuka.

Kimbunga kikipita, wakubwa huenda kwenye televisheni kuusifu ustahimilivu wa wananchi. Novemba 2020, baada ya kimbunga Vamco kuizamisha Marikina, vijana wengi walikataa sifa hizo, wakadai watu wawajibishwe. Mwaka 2025 ilifichuka kwamba mabilioni ya peso ya miradi ya mafuriko yameliwa, mingine haikujengwa kabisa, na tarehe 21 Septemba maelfu wakaingia barabarani Manila. Na kuhusu alama aliyotiwa Non, Mei 2024 Mahakama ya Juu ilikuwa imetangaza kwamba kumbandika mtu ukomunisti ni tishio kwa haki yake ya kuishi, kuwa huru na kuwa salama. Uamuzi huo ulitangazwa miaka mitatu baada ya Non kufunga meza yake kwa hofu, lakini atakayeweka mkokoteni wake baada ya kimbunga kijacho atakuwa nao mkononi.