Unene wa kupindukia na madhara yake kiafya

Unene wa kupindukia ni hali ya mafuta kulundikana mwilini hadi kuhatarisha afya. Shirika la Afya Duniani huihesabu kwa kugawa uzito wa mtu mzima (kilo) kwa urefu wake (mita) uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 30, tayari anao. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufika hapo akiwa na kilo 77 hivi.

Kipimo hicho hakionyeshi mafuta yamekaa wapi, na hilo ndilo jambo zito. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozingira ini na utumbo, ni hatari kuliko ya mapajani. Huzifanya seli zisiitikie insulini, kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi hadi kuelemewa, sukari ikabaki kwenye damu: ndicho kisukari cha aina ya 2. Shinikizo la damu nalo hupanda, likikaribisha kiharusi na maradhi ya moyo. Magoti husagika; pumzi hukatika usingizini. Baadhi ya saratani, ikiwemo ya mji wa mimba, huongezeka pia.

Afrika Mashariki kitambi bado husifiwa kama dalili ya neema, sifa inayowachelewesha watu kupima. Kupunguza hata asilimia 5 ya uzito huweza kushusha sukari na shinikizo.